Mswada ukiwa mikononi mwa kamati: upitie mlango gani ili usikike?

Mswada unaposomwa Bungeni kwa mara ya kwanza, kinachosomwa ni jina lake tu. Karani analitaja, anaketi, shughuli nyingine zinaendelea. Hakuna mjadala, hakuna kura. Kisha mswada unapelekwa kwa kamati ya sekta husika: wa shule kwa kamati ya elimu, wa kodi kwa kamati ya fedha. Huko kwenye kamati ndiko mwananchi asiye na cheo hupata nafasi ya kuugusa mswada wenyewe, kifungu kwa kifungu.

Bahati mbaya wengi wetu huamka mswada ukishafika usomaji wa tatu, ule wa mwisho, mitandao imewaka moto, na kilichobaki ni ndiyo au la. Wakati huo hata mbunge anayekubaliana nawe hana nafasi kubwa ya kuhamisha nukta.

Hapa nalinganisha njia ambazo chama cha wafanyabiashara wa soko, muungano wa bodaboda, kikundi cha wazazi au mtu mmoja mwenye hoja yake anaweza kuzitumia: kuandika waraka, kufika mbele ya kamati, kumtumia mbunge, kupeleka ombi rasmi, au kwenda kortini. Nazungumzia zaidi Kenya, kisha kuna maneno machache kwa walio Tanzania. Msimamo wangu nautoa mapema: kama shida yako iko kwenye kifungu unachoweza kukitaja kwa nambari na tarehe ya mwisho haijapita, andika waraka. Njia nyingine zina wakati wake, lakini chache zinaishinda hiyo.

Kabla ya kuchagua njia, jua mswada uko nyumba gani

Ukipata nakala ya mswada, anza na kurasa za mwisho. Huko ndiko kuna maelezo ya madhumuni na sababu, yaliyotiwa sahihi na aliyeuleta. Wengi huyaruka wakikimbilia adhabu na ada. Maelezo hayo hukwambia mambo mawili ya kukuongoza: kama mswada unahusu serikali za kaunti, na kama ni mswada wa fedha kwa maana ya Ibara ya 114 ya Katiba, yaani unaohusu kodi, mikopo au matumizi ya fedha za umma.

Bunge la Kenya lina nyumba mbili, Bunge la Kitaifa na Seneti. Mswada wa fedha hushughulikiwa na Bunge la Kitaifa peke yake. Wabunge 349 ndio wenye neno, maseneta 67 hawahusiki. Kwa hiyo kwenye Mswada wa Fedha wa kila mwaka, ule wa kodi, una kamati moja tu ya kuishawishi. Ukiikosa, umeikosa.

Mswada unaohusu kaunti ni habari tofauti. Huo hupita nyumba zote mbili, na kila nyumba ina kamati yake ya kuuchunguza. Mswada wa kudhibiti uchukuzi wa pikipiki wa 2023, kwa mfano, ulianzia Seneti, ukaletwa na Boni Khalwale, seneta wa Kakamega. Mwenye bodaboda aliyechelewa Seneti angebaki na nafasi nyingine endapo mswada wa namna hiyo ungevuka kwenda Bunge la Kitaifa. Nyumba mbili zikikosa kuelewana, Ibara ya 113 inaunda kamati ya upatanishi yenye idadi sawa ya wajumbe kutoka kila upande, na huko si mahali pa kuanza kutafuta masikio.

Kuna kosa lingine la kawaida: kupeleka Nairobi jambo la kaunti. Maegesho, masoko ya mtaani, leseni za biashara ndogo na barabara za kaunti ni kazi za kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Kama ada inayokuumiza imo kwenye mswada wa bunge la kaunti, kamati unayoitafuta iko kwenye jengo la bunge la kaunti yako, na kwa kawaida foleni ni fupi zaidi.

Waraka wa maoni au kufika mwenyewe?

Mswada ukishafika kwa kamati, tangazo hutoka kwenye magazeti na tovuti ya Bunge. Litataja jina la mswada, kamati, jinsi ya kumfikishia Karani wa Bunge maoni na siku ya mwisho, mara nyingi saa kumi na moja jioni. Siku hazitakuwa nyingi. Mara kwa mara tangazo moja hubeba miswada minne au mitano, kwa hiyo hakikisha unataja ule unaoumaanisha.

Sasa fikiria kinachofanyika maoni yakishafika. Wahudumu wa kamati huyapanga kwenye jedwali: kifungu gani, nani amesema, anapendekeza nini, kwa sababu gani, na kamati inaonaje. Jedwali hilo ndilo wajumbe huwa nalo mezani wanapoketi kuandika ripoti. Maoni ambayo hayaingii kwenye safu hizo hubaki yameelea.

Chukua mswada wa kubuni ambao kifungu cha 12(1) kinasema kila anayeuza chakula kilichopikwa awe na leseni itakayohuishwa kila miezi mitatu. Maoni ya kwanza yanasema hivi: “Sisi wauzaji wa chakula tunaukataa mswada huu wote kwa sababu ni wa kukandamiza maskini na tunaomba serikali itufikirie.” Mwenye kujaza jedwali atayaandika wapi? Atayaweka juu kabisa, penye maoni ya jumla, pamoja na mengine themanini yanayofanana nayo, na kamati itajibu kwamba imeyasikia.

Maoni ya pili yanasema: “Kifungu cha 12(1). Tunapendekeza maneno ‘miezi mitatu’ yafutwe, pawekwe ‘mwaka mmoja’. Sababu: cheti cha afya cha mpishi tayari kina muda wake na ukaguzi wake, kuhuisha leseni mara nne kwa mwaka kunaongeza gharama bila kuongeza ukaguzi hata mmoja.” Haya yanaingia kwenye safu moja kwa moja. Mjumbe anayetaka kukusaidia ana maneno tayari ya kuyasoma, na anayetaka kukupinga itambidi atafute sababu. Wa kwanza huenda ana uchungu zaidi. Wa pili ndiye atakayeonekana kwenye ripoti.

Suala la lugha lisikutishe. Ibara ya 120 inataja Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi za Bunge, kwa hiyo waraka wa Kiswahili ni waraka kamili. Ila miswada yenyewe karibu yote huandikwa kwa Kiingereza. Ninachopendekeza ni kunukuu maneno ya kifungu jinsi yalivyochapishwa, herufi kwa herufi, kisha kueleza sababu zako kwa lugha unayoimudu. Ukijitafsiria kifungu halafu ukapendekeza marekebisho juu ya tafsiri yako, unawapa kazi ya kukisia.

Urefu? Kurasa mbili au tatu. Ukiwa na vifungu kumi na viwili vinavyokukera, chagua vile vinne ambavyo ungevipigania hata usiku wa manane. Waraka wa kurasa arobaini husomwa na wanasheria wa kampuni kubwa na washindani wao, basi.

Kufika mwenyewe kuna uzito wa aina nyingine. Karatasi haiulizwi maswali, mtu huulizwa. Mjumbe akikwambia “lakini wenzenu wa mjini wamesema wanaitaka leseni hii”, una nafasi ya kujibu papo hapo. Waandishi wa habari huwa wapo, na picha ya mama akieleza biashara yake inaweza kusafiri mbali kuliko jedwali lolote. Kuna hoja ambazo haziwezi kuingia vizuri kwenye maandishi: mtu wa kiti cha magurudumu akieleza jinsi anavyopanda matatu hahitaji kifungu cha ngapi ndipo aeleweke.

Lakini hesabu gharama. Muda wa kuzungumza ni mfupi, na ukitangulia na salamu, shukrani na historia ya chama chenu, kengele italia hujafika kwenye hoja. Wajumbe waliopo ukumbini wanaweza kuwa wachache. Kamati husafiri kwenda baadhi ya kaunti, si zote, na nauli ni yako. Na ukisema jambo zuri bila kuacha karatasi, unategemea mwandishi wa kumbukumbu alisikie ulivyolisema.

Kisheria, kuandika tu kunatosha. Katika kesi ya kampuni ya tumbaku ya British American Tobacco, Mahakama ya Juu ya Kenya ilieleza mwaka 2019 kwamba ushirikishaji wa umma lazima uwe wa kweli, usiwe wa kutimiza wajibu tu, lakini si lazima kila mtu asikilizwe kwa mdomo. Kwa hiyo usidhani umenyimwa haki kwa kutoitwa ukumbini. Kama hoja yako ni ya maneno ya kifungu au ya hesabu, andika. Kama ni ya maisha ambayo wajumbe hawajawahi kuyaona, nenda, lakini nenda na nakala za waraka uziache mezani.

Kamati au mbunge wako?

Ripoti ya kamati ikishawasilishwa, mswada husomwa mara ya pili na kujadiliwa, kisha Bunge huketi kama Kamati ya Bunge Zima kupitia vifungu. Hapo ndipo marekebisho hupigiwa kura. Mwenyekiti wa kamati huja na yake, na mbunge mmoja mmoja naye anaweza kuja na yake akiwa ametoa notisi.

Kwenye karatasi, njia hizi mbili ni sawa. Kwa vitendo si sawa hata kidogo. Marekebisho ya mwenyekiti yamebeba ripoti, yamebeba mazungumzo na wizara, na mara nyingi yamebeba baraka za kiongozi wa wengi. Ya mbunge mmoja huja yakiwa peke yake, jioni, ukumbi ukiwa nusu. Yakiwa na gharama ya fedha za umma, Ibara ya 114 inayawekea kizuizi kingine: lazima kamati husika iyapendekeze baada ya kuzingatia maoni ya Waziri wa Fedha. Na Kanuni za Kudumu haziruhusu marekebisho yanayoupanua mswada kupita mada yake.

Hata hivyo, mbunge ndiye mlango uliobaki ukiwa umechelewa kwenye kamati. Anafaa pia pale kamati ilipokataa hoja yako kwa kura za karibu. Ukimwendea, usimpelekee malalamiko. Mpelekee yale maneno ya “futa hili, weka hili”. Kama ana kiti kwenye kamati hiyohiyo, mwendee kabla ya kikao cha maoni, maana swali moja zuri kutoka kwa mjumbe linaweza kumfanya mwenyekiti asimame kwenye kifungu ambacho angekiruka.

Mwaka 2024 ulionyesha uwezo wa kamati na mpaka wake. Mswada wa Fedha ulipofika kwa Kamati ya Fedha na Mipango ya Kitaifa ulikuwa na kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 kwenye mkate na kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, isiyopungua shilingi 5,000 na isiyozidi 100,000. Wenye viwanda, wenye magari, wahasibu na wananchi wa kawaida walileta maoni, na Juni 18 mwenyekiti Kuria Kimani akatangaza kwamba hizo mbili zimeondolewa, pamoja na nyingine. Tangazo hilo alilitolea Ikulu, Rais akiwepo. Mwenye kutaka kujua uzito wa kamati uko wapi na ayatafakari mandhari hayo kidogo.

Yaliyofuata yanajulikana. Juni 20 usomaji wa pili ulipita kwa kura 204 dhidi ya 115. Juni 25 usomaji wa tatu ukapita 195 kwa 106, na siku hiyohiyo waandamanaji wakaingia Bungeni. Kesho yake Rais William Ruto akakataa kuutia sahihi. Ukiangalia kwa jicho la anayechagua njia, kamati ilikubali kutoa vifungu vilivyotajwa kwa nambari, vyenye hesabu na vyenye wapinzani waliojipanga. Haikuwa mahali pa kuuangusha mswada mzima; hilo lilitokea nje ya kuta zake, na kwa gharama ya maisha ya watu. Anayeandikia kamati “ukataeni wote” anaomba kitu ambacho kamati yenye wingi wa upande wa serikali ni nadra kukitoa.

Ombi rasmi

Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lolote lililo ndani ya mamlaka yake, ikiwa ni pamoja na kutunga, kubadilisha au kufuta sheria. Wengi huchanganya ombi hili na waraka wa maoni, na nimeona vikundi vikipoteza wiki nzima kuliandaa wakati mswada wenyewe ulikuwa tayari mbele ya kamati na ukurasa mmoja ungetosha.

Tofauti ni hii: waraka hujibu mswada uliopo, ombi huleta jambo ambalo halipo mezani. Sheria ya zamani inakuumiza na hakuna mswada wa kuirekebisha? Ombi. Wizara imekaa kimya juu ya jambo ambalo sheria inaiagiza? Ombi. Mswada unaoupinga uko kwa kamati na tangazo limetoka? Waraka.

Ombi lina masharti yake kwa Sheria ya Maombi kwa Bunge ya 2012. Liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima, bila kufutwafutwa. Lieleze juhudi ulizofanya kwa ofisi husika na majibu uliyopata, liseme kama jambo liko mbele ya mahakama, na limalizike kwa kutaja wazi unachoomba. Kipengele cha juhudi ndicho huwakwamisha wengi: kama hujawahi kuiandikia ofisi inayohusika barua hata moja, anza na hiyo barua.

Ni njia ya mwendo wa pole. Faida yake ni kwamba kamati inapaswa kukujibu kwa ripoti inayotaja ombi lako peke yake, jambo ambalo mwenye waraka mmoja kati ya mamia hawezi kulitarajia.

Korti

Mahakama huja mwisho, na haifai kuhesabiwa kama mbadala wa kamati. Safari ya Sheria ya Fedha ya 2023 inatosha kueleza. Julai 31, 2024 Mahakama ya Rufaa iliitangaza kuwa kinyume cha Katiba, mojawapo ya sababu ikiwa dosari za ushirikishaji wa umma. Oktoba 29 mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikaupindua uamuzi huo, ikasema Katiba haijalibana Bunge kutoa sababu kwa maandishi kwa kila pendekezo lililokataliwa. Zaidi ya mwaka mmoja ulikuwa umepita tangu sheria ianze kukata watu mishahara na kodi.

Ukidhani utafika huko, ulichokifanya kwenye kamati kitakuwa ushahidi wako. Peleka waraka wako mapema, ukiupeleka kwa mkono dai muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, ukiutuma kwa barua pepe hifadhi jibu. Anayelalamika kwamba hakusikilizwa bila kuonyesha alichosema ana mlima wa kupanda.

Kwa walio Tanzania

Dodoma mpangilio unafanana kwa sura: muswada husomwa mara ya kwanza, Spika huupeleka kwa Kamati ya Kudumu, kamati hualika wadau. Mapema Januari 2024, Kamati ya Utawala, Katiba na Sheria ilipokea maoni juu ya miswada mitatu ya uchaguzi na vyama vya siasa. Ya kodi hupitia Kamati ya Bajeti. Bunge lina nyumba moja, kwa hiyo hakuna kamati ya pili ya kukimbilia. Mambo ya Zanzibar yasiyo ya Muungano yana Baraza la Wawakilishi.

Mlinganisho unapobadilika ni hapa. Marekebisho mengi yenye nafasi ya kupita huja kupitia jedwali la marekebisho la Serikali yenyewe, baada ya mashauriano na kamati. Kwa hiyo waraka wako ukipelekwa kwa kamati, nakala iende pia wizarani, kwa sababu wizara ikikubali maneno yako, safari iliyobaki ni fupi. Lugha nayo inakusaidia: tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria, kwa hiyo pendekezo lako linaweza kuingia bila tafsiri.

Angalizo moja ni hati ya dharura, ile inayoruhusu muswada uharakishwe. Muswada ukija nayo, kama ilivyokuwa kwa sheria za maliasili za Julai 2017, muda kati ya kuusikia na kuupitisha unaweza kuwa siku za kuhesabika. Hapo mlinganisho wote hapo juu unajikunja: sahau ombi, usingoje mwaliko. Andika ukurasa mmoja wenye vifungu viwili, na uufikishe kwa katibu wa kamati na kwa mjumbe mmoja unayemfahamu siku hiyohiyo muswada unaposomwa.